Muulize Tu

Jecheon, 6 Novemba 1991

...na ndiyo maana mimi nasema, dada, lile lori la kabichi katika katuni yako halikuwa na sababu yoyote ya kupita pale! Barabara tupu, kurasa mbili nzima hakuna hata baiskeli, Muyeol anavuka na maua mkononi, mara lori. Lilitoka wapi?

Nisamehe, nimeanza bila salamu, kama vile tulikuwa tunaongea ukanyanyuka kidogo kwenda kuchota maji. Ndivyo ninavyoongea nawe kichwani kutwa nzima. Haya. Dada Inok mpendwa, pokea salamu zangu za heshima. Unakula? Unalala? Chumba chako huko Seoul kina joto? Baba na mama huko Yeongwol hawajambo, goti la baba limetulia, na mama amekausha pilipili za kutosha kijiji kizima. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima. Dada, nimeolewa! Hii ni wiki ya nne, na bado kila asubuhi nikiona viatu vya Mansik vimelala mlangoni ubavuni mwa vyangu nacheka peke yangu. Jana alinimenyea kiazi kitamu cha kuchoma, akakipuliza kipoe, akanipa kipande kikubwa, halafu akasema hana njaa. Huyu mtu ana njaa saa zote! Nilitaka kulia.

Mama mkwe ananiita Kitoto Kipya, na ameniweka kwenye kaunta ya duka lake. Ungelipenda duka hili. Liko mkabala na stesheni, katuni zimepangwa mpaka darini, jiko la makaa katikati, na anayetaka kupikiwa tambi anapikiwa papo hapo. Abiria wanaingia kusubiri treni, wanakodi kitabu kimoja, wanasoma kumi. Wiki iliyopita bwana mmoja alikosa treni ya Andong kwa sababu ya juzuu yako ya saba. Alisimama mlangoni akaitazama treni ikiondoka, akasema, "Basi nipe ya nane." Nikamwambia ya nane dada yangu bado anaichora. Akakaa chini kama mtu aliyefiwa.

Nimewaambia wote kwamba wewe ni dada yangu. Sasa kila mmoja ana ujumbe wake kwako. Bi Eom wa saluni anasema, "Mwambie asithubutu kumpotezea kumbukumbu. Kila anayegongwa kwenye katuni anaamka haikumbuki sura ya mpenzi wake, lakini anakumbuka kupiga kinanda!" Mzee Pyo, yule wa dirisha la tiketi stesheni, anasema yeye hata kumbukumbu ikipotea anaridhika, ila Sora wa Muyeol asivue miwani akageuka mrembo ghafla. "Mke wangu amevaa miwani miaka thelathini," anasema, "na nilimwona mrembo kupitia vioo hivyohivyo."

Mimi napenda vyote, dada. Mwavuli mmoja watu wawili, napenda. Kuteleza ukadakwa, napenda. Si unajua Mansik nilimpataje? Niliteleza kwenye barafu mbele ya duka hili hili, na hakunidaka, aliteleza naye. Tukalala chini wote wawili tunaangalia mbingu.

Kuhusu siku ya harusi sitakuuliza kitu. Nimejiapia. Waliokuja walipendeza, na supu ilitosha. Ninachotaka ni kukuona tu, na sijui kama na wewe unataka.

Mdogo wako,
Geumsil


Seoul, 2 Desemba 1991

Geumsil mdogo wangu,

Salamu nimezipokea. Ninakula, ninalala mchana, chumba kina joto upande mmoja. Mpe pole baba kwa goti lake na umwambie mama asibebe magunia peke yake. Msalimie mumeo na mama mkwe wako, na usimwache mama mkwe aamke kabla yako, hata akikwambia lala.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya juzuu ya nane. Vidole vyangu ni vyeusi hadi kwenye kucha. Mwenye nyumba anadhani nauza makaa.

Mwambie Bi Eom kwamba Muyeol hatapoteza kumbukumbu. Mhariri alitaka apoteze. Tulibishana siku mbili. Nilimwambia wasomaji wamechoka, akasema, "Wanalalamika na wanakodi. Atakayechoka kweli hatalalamika." Amesema kweli kidogo. Lori ni kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimebakiwa na kurasa nne na mtu mwenye furaha mno, na mtu mwenye furaha sijui kumchora akifanya nini. Ukimweka mbele ya lori, kurasa zinajaa zenyewe.

Mwambie Mzee Pyo miwani haivuliwi.

Oktoba kazi ilinibana. Nilituma sufuria ya kupikia wali. Natumaini ilifika haijabonyea.

Nimefurahi kuhusu kiazi. Niandikie zaidi kuhusu wateja.

Inok


Jecheon, 16 Desemba 1991

Dada yangu mpendwa,

Sufuria ilifika nzima, inapika wali laini kama wingu, na Mansik anaipigia saluti kila jioni akitoka kazini. Tumetengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi themanini za kutia chumvi na pilipili! Majirani walikuja wote, mama mkwe akanilisha jani la kwanza kwa mkono wake mbele yao na kusema, "Kitoto Kipya ana mkono mzuri wa chumvi." Dada, niliwaka mpaka masikio. Mama yetu naye alipiga simu kutoka kwa jirani kusema paka amezaa. Baba hajambo. Mansik alinifunika mikono yangu yenye pilipili kwa mikono yake, akaenda akajipangusa jicho, akalia saa nzima. Nampenda hadi naona aibu.

Sasa, juzuu ya nane imefika. Kaa chini.

Nilipofungua kifurushi walikuwepo watu tisa. Mama mkwe akagawa zamu kwa nambari kama hospitalini. Bi Eom alipata ya kwanza, na sisi wengine tukawa tunausoma uso wake. Alitabasamu, akatabasamu, halafu akafunga kitabu.

"Nini?" Mzee Pyo akauliza. "Amekufa?"

"Afadhali angekufa."

"Kapoteza kumbukumbu?"

"Hapana! Yuko kitandani hospitalini, mzima, anamkumbuka kila mtu. Sora anafika mlangoni na uji. Anachungulia, anamwona mwanamke amemwekea Muyeol mkono kwenye paji la uso. Unajua Sora anafanya nini?"

"Anaingia anauliza huyu ni nani," akasema Mzee Pyo.

"Anaweka uji chini, anaondoka, anapanda treni!"

"Bila kuuliza?"

"Bila kuuliza! Na yule mwanamke ni dada yake Muyeol wa tumbo moja, imeandikwa ukurasa unaofuata!"

Dada, pakawa soko. Mzee Pyo alisema angekuwa dirishani siku hiyo asingemuuzia tiketi. Dereva mmoja wa teksi akasema magonjwa ya damu anavumilia, bibi tajiri anayemmwagia msichana maji usoni anavumilia, ndugu waliobadilishwa wakiwa wachanga anavumilia, lakini watu wawili wanaopendana kuteseka juzuu nzima kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza, hilo linampandisha presha. Mansik tu ndiye alikuwa mpole. Yeye hapendi katuni, anapenda michezo ya mashine kule kwenye ukumbi wa pembeni ya soko, na anasema kule ni vibaya zaidi: unampiga adui mkuu mpaka anaanguka, unashangilia, anafufuka na mwili mkubwa mara mbili. "Huku angalau," akasema, "adui ni mdomo uliofungwa. Ukifunguka, mchezo umekwisha."

Nilipokuwa nafagia nilimwangalia yule mwanamume nikajiuliza nimempata wapi.

Jambo jingine. Unajua wateja wanavyoandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, na mama mkwe anavyofuta kila asubuhi kwa kifutio huku akilaani. Sasa kuna mtu ameandika kwenye juzuu yako ya nane, kurasa kumi na moja, neno lilelile: MUULIZE TU. Hatujui ni nani.

Funga shingo, baridi imekuwa kali.

Geumsil wako


Seoul, 21 Januari 1992

Geumsil,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Nimefurahi kuhusu kimchi. Usifurahi sana, mwaka ujao zitakuwa kabichi mia kwa sababu ya mkono wako wa chumvi. Mafua yalinilaza wiki moja, yamekwisha, usimwambie mama.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Wasomaji wako ni wengi wa maneno. Mwambie huyo wa penseli aje Seoul achore yeye. Anadhani kuuliza ni kitu chepesi. Anayeuliza anaweza kujibiwa. Sora akiingia na kusema "huyu ni nani," Muyeol anaweza kusema "huyu ndiye ninayemtaka, wewe nenda." Akiondoka kimya anabaki na nusu ya tumaini, na mtu anaweza kuishi miaka mingi kwa nusu. Watu hawanyamazi kwa ujinga. Hilo silo jambo la katuni tu.

Juzuu ya tisa ndiyo ya mwisho. Naikabidhi tarehe tano Machi. Mhariri anataka Sora afe kwa ugonjwa wa damu, theluji ikianguka, Muyeol akifika dakika moja baadaye. Anasema wasichana wa kiwandani watanunua leso. Mimi sitaki kumuua. Nimepanga aishi, azeeke, na siku moja waonane kwenye stesheni wakiwa na mvi, wainamishe vichwa kwa adabu, wapite. Hawatajua kamwe. Nafikiri ndiyo kweli zaidi.

Kama hiyo nayo haitakodiwa, mhariri amenieleza kwa upole kwamba kuna vijana wengi wanaojua kuchora macho makubwa.

Huyo wa penseli ni nani? Niambie.

Inok


Jecheon, 8 Februari 1992

Dada Inok,

Leo salamu zangu ni fupi, usiudhike. Baba na mama hawajambo, tuliwainamia wiki hii kwa mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, wakakuulizia, nikasema una kazi. Mansik hajambo, amekata nywele vibaya na bado ni mzuri.

Wa penseli ni mimi.

Nilitaka kukudanganya hadi mwisho, lakini nimekamatwa. Asubuhi ya juzi mama mkwe alikuwa anafuta, mara akaita.

"Kitoto Kipya, hebu njoo hapa."

"Naam, mama."

"Mwandiko huu wenye mikia kama panya nimeuona wapi?"

"Sijui, mama."

"Nimeuona jikoni kwangu, kwenye orodha ya sokoni. 'Tangawizi.' 'Dagaa.' 'Muulize tu.'"

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi la kifutio. Nilidhani atanirudisha Yeongwol. Unajua anavyovipenda vitabu vyake, anavifunika plastiki kimoja kimoja kama watoto wanaokwenda shule. Lakini hakupaza sauti. Alisogeza birika, akakaa.

"Mara kumi na moja," akasema. "Unamwambia nani? Sora hakusikii, Sora ni wino."

Hapo nikalia, dada. Nililia kwa sauti kama ndama, Bi Eom akiwa kwenye kiti cha pembeni na tambi mdomoni. Nikamwambia yote: kwamba dada yangu hakuja harusini, na kwamba nimeapa kutouliza. Mama mkwe akafunga kitabu.

"Kwa hiyo una dada aliye hai, mwenye anwani," akasema, "hujamuuliza, na unakaa humu unanichafulia vitabu?"

"Naogopa, mama."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba amenikasirikia. Nimemtangulia kuolewa. Mdogo amempita mkubwa."

Bi Eom akameza tambi zake. "Heee," akasema, "na mimi nilikuwa namtukana Sora."

Mama mkwe akanipa kifutio. "Futa zote kumi na moja. Ukimaliza, chukua karatasi, nenda chumbani, na usitoke mpaka uwe umeandika sentensi moja yenye alama ya kuuliza."

Basi, hii hapa. Dada, kwa nini hukuja harusini kwangu?

Nimeandika. Nakuomba usinijibu kwa habari za kazi. Ukisema umenikasirikia nitalia siku tatu, Mansik atanipulizia viazi, na nitapona. Lakini sitaki nusu. Wewe unaweza kuishi kwa nusu. Mimi siwezi, nina tamaa.

Geumsil


Seoul, 1 Machi 1992

Geumsil, mdogo wangu,

Natumaini nyumbani wote hawajambo. Mshukuru mama mkwe wako, na umwambie namwogopa.

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ndiyo itakayokwenda, hata ikiwa mbaya.

Mwezi Septemba shangazi wa Wonju alinipigia simu. Alisema, kwa upole, unamjua anavyosema mambo kwa upole, kwamba wageni wakimwona dada mkubwa asiye na mume amekaa mstari wa mbele watauliza, na upande wa bwana harusi watauliza zaidi, na bibi harusi atatumia siku yake kujibu habari zangu. Alisema, "Geumsil hawezi kukwambia mwenyewe, lakini moyo wake utatulia ukikaa mbali." Nikaamini ni maneno yako. Sikukuuliza. Nilijisemea nikikuuliza utasema "njoo, dada" kwa adabu tu, nami sitajua kamwe kama ulimaanisha.

Sasa cheka. Nilikuja.

Nilipanda treni ya asubuhi na sufuria mapajani. Nilikuwa nimevaa hanbok ya kijani niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Nilisimama upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la mchele, mkabala na ngazi za ukumbi wa harusi. Mlitoka kupiga picha. Ulikuwa unacheka, mdogo wangu, jinsi ulivyokuwa unacheka! Nikasema, huyu hatafuti mtu, hapungukiwi na kitu. Nikageuka. Sufuria nikaituma kwa posta ya stesheni, ndiyo maana ilikuwa na muhuri wa Jecheon, ambao naona hamkuuangalia. Nikapanda treni.

Bila kuuliza. Nimemchora Sora miezi miwili nikidhani namtunga.

Sikukasirika hata siku moja kwamba umenitangulia. Mume simtaki kwa sasa. Nataka dirisha kubwa na wino usioganda. Nilikuwa na hasira nawe kwa kutonitaka, nawe hujawahi kutonitaka. Miezi mitano! Yule dereva wa teksi ana haki ya presha yake.

Juzuu ya tisa nimeichora upya kuanzia ukurasa wa thelathini. Siku kumi na mbili, sijalala vizuri, na sijawahi kufurahi hivi mezani. Sora anashuka kituo kinachofuata. Anarudi kwa miguu kando ya reli, anaingia hospitalini na matope, anafungua mlango, anauliza. Hakuna theluji wala damu. Baada ya hapo nilibakiwa na kurasa ishirini na watu watatu wenye furaha, nikagundua kwamba nimejua cha kuwafanyisha: wanakula ule uji uliopoa na kuambiana walivyokuwa wajinga. Mhariri aliisoma amesimama. Akasema, "Hakuna atakayelia." Nikamwambia tuone. Akasoma tena, akaenda dirishani, akapenga kamasi, akasema ni vumbi. Itatoka Aprili. Kama haitakodiwa, haitakodiwa. Hii ni yangu.

Usimwambie mtu mwisho wake.

Dada yako anayekutaka,
Inok


Jecheon, 10 Machi 1992

Dada, dada, dada,

Wote hawajambo, paka hajambo, goti halijambo, salamu zimekwisha!

Niliisoma barua yako kwenye kaunta na nikapiga ukelele, mtu akamwaga tambi. Duka la mchele! Lile la mzee Sim, mlango wa bluu! Nilikimbia nikaenda kusimama pale uliposimama, na aproni yangu, kwenye mvua, nikatazama ngazi. Mzee Sim akatoka akauliza kama nataka mchele. Nikamwambia hapana, nataka kujua mtu anaonekanaje kutoka hapa. Akanipa mwavuli akarudi ndani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili hukuliona kutoka upande ule. Nilikuwa nacheka kwa sababu Mansik alikanyaga upindo wangu na karibu tubiringike ngazi zote mbele ya wazee. Na kabla ya kucheka, na baada ya kucheka, nilikuwa naangalia barabarani. Nilikuwa nakutafuta wewe. Kila aliyepita, kila mwanamke mrefu. Mpaka mpiga picha akachoka: "Bibi harusi, tafadhali, kamera iko huku!" Picha tatu nzima natazama pembeni, mama mkwe alidhani nina kengeza. Ungepunga mkono tu, dada. Ningevuka barabara na gauni langu lote.

Shangazi wa Wonju nimempigia simu. Sikumgombeza, ni mkubwa wangu. Nilimwambia kwa upole, kama anavyopenda, kwamba moyo wangu haujatulia tangu Oktoba. Kisha akasema kwamba zamani, mdogo wake alipoolewa kabla yake, yeye mwenyewe aliwekwa jikoni siku nzima nyuma ya masufuria, na alidhani amekuokoa na hayo. Tukalia wote kwenye simu. Anakutumia ufuta.

Mwisho wa hadithi sijamwambia mtu. Isipokuwa Mansik, lakini mume si mtu, ni mimi mwingine. Naye alisema, "Wanakula uji? Uliopoa?" Akaenda kukoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Sasa jambo kubwa. Mama mkwe alikaa nasi jana akasema harusi yetu haijaisha. Tuliwainamia wazazi, tukawainamia wajomba, tukamwinamia hata binamu wa Mansik ambaye hakuna anayejua anatoka wapi, na dada mkubwa wa bibi harusi hatujamwinamia. "Nyumba gani hii," akasema, "inayoanza na mkubwa aliyerukwa?" Ameshakunja nguo zetu za harusi kwenye kitambaa, nyekundu yangu na ya bluu ya Mansik, na tende na njugu za wewe kunitupia mapajani, maana anasema kazi hiyo sasa ni yako na anataka utupe nyingi, tuone tutapata watoto wangapi.

Kwa hiyo safisha sakafu. Ondoa wino katikati ya chumba, weka mto ukutani, vaa ile ya kijani, ukae kama mkubwa. Tutainama mpaka paji la uso liguse mkeka, na wewe utatuinamia nusu, kama inavyopasa kwa dada, na usicheke, maana ukicheka nitacheka, na Mansik ataangusha kofia.

Mzee Pyo ametukatia tiketi mwenyewe, viti vya dirishani, treni ya saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili ya mwisho. Aliandika jina lako nyuma ya tiketi ili nisishuke kituo kingine. Tunakuja, dada, kabla mwezi huu haujaisha. Nawe ukituona tunavuka barabara, piga kelele.

Mdogo wako,
Geumsil